Mpagazi wa Mwisho Kwenye Mstari

Naomba nianze na hili, ili tusisumbuane baadaye: niliyaona mwenyewe, nikiwa macho, nimekunywa chai na kula kiazi, sina homa. Nasema hivyo kwa sababu nimechoka. Nikimsimulia mtu, ananiangalia halafu ananiambia, "Dada, ukungu wa huku Daudi unadanganya macho." Ukungu! Mimi nimekaa kwenye ukungu huo tangu nimekuja kuishi kwa shangazi, naufahamu kuliko ninavyofahamu kufua. Ukungu unakuficha vitu. Haujawahi kukutengenezea mtu, ukamfunga njuga mguuni, ukampa na sauti.

Basi sikiliza.

Kazi yangu ni kuongoza wageni. Usifikirie mambo makubwa, sina gari wala kofia ya mbugani. Nyumbani kwetu ni Gehandu, nilimaliza kidato cha nne, na matokeo yangu tusiyaongelee leo. Nikaja kwa shangazi kumsaidia kulima vitunguu saumu. Kumbe pembeni mwa shamba lake kuna kilima kinachotazama bonde, na kikundi cha kijiji kilikuwa kimeanza kupeleka wageni pale. Wazee wanasema Mzungu wa kwanza kuonekana huku alipita kwenye kilima kile, na msafara mrefu wa wapagazi waliotoka pwani wamebeba mahema yake, vyombo vyake, bunduki zake, mpaka kiti chake cha kukalia jioni. Nyuma ya kilima kuna uwanja wa mawe bapa, ndipo alipopiga kambi.

Msimamizi wa kikundi anaitwa Madam Restituta. Ni mwalimu mstaafu, aliletwa huku na serikali akiwa msichana, akaolewa, akabaki. Yeye ndiye aliyebuni igizo letu. Fundi alitutengenezea masanduku ya mbao. Mgeni akifika anapewa ngata ya majani na sanduku moja, analiweka kichwani. Mimi nasimama kwenye jiwe, navuta pumzi, napiga kelele:

"Msafaraaa! Jitwikeni!"

Niamini, hapo ndipo nilipokuwa napapenda kuliko mahali pote duniani. Wageni wanacheka, wanayumba, tunapanda. Njiani nasimulia safari zile za kutafuta njia na kuchora ramani, nasimulia jinsi jina la bwana mkubwa lilivyoingia vitabuni, na jinsi waliombebea walivyopita tu kama upepo. Nikifika kwenye wapagazi sauti yangu inatetemeka kidogo, sifanyi makusudi. Mimi nalia hata ndama akitengwa na mama yake.

Mwanzoni igizo lilikuwa na mwisho wake. Tukifika kileleni tunatelemka upande wa pili mpaka uwanja wa mawe, naita "Tueni mizigo!", wote wanatua kwa pamoja, tunakaa tunakunywa chai. Lakini wageni wengi huwa wanawahi hotelini Karatu. Madam akaona tunapoteza muda. Akasema, "Huko maweni hakuna kitu cha kuona. Malizeni kileleni, wapige picha, wale makande, waondoke."

Mimi ni nani nibishe? Nikakata. Kuanzia hapo wageni wakifika juu kila mtu anatupa sanduku anapotaka, anatafuta simu yake. Hayo yakumbuke.

Mara ya kwanza kumwona ilikuwa na wanafunzi wa shule ya Getanuwas. Mvua zilikuwa zimeshaisha, kipindi kile cha baridi ambacho ukungu unakaa mpaka mchana. Tunapanda, watoto wanaimba, mwalimu wao akanisogelea.

"Dada, yule mzee wa nyuma ni wa kwenu?"

Nikageuka. Mwisho wa mstari alikuwepo mwanaume, mrefu, mwembamba, amejifunga kaniki iliyopauka, miguu peku. Mguuni ana njuga, zinalia *chwa, chwa* kila akikanyaga. Kichwani hana sanduku letu. Ana furushi refu la turubai limefungwa kamba, na lile furushi lilikuwa linachuruzika maji. Nakuambia kiangazi, vumbi tupu, furushi linachuruzika.

Nikadhani ni mtu wa kijijini amependa igizo letu. Nikamsubiri. "Shikamoo, mzee."

Hakuitika. Mtu wa huku anajua maana yake. Mtu mzima akiachia shikamoo ikaanguka chini namna ile, ama umemkosea sana, ama kuna jambo. Alinitazama kwa macho tu, maana shingo haikugeuka, akasema kwa Kiswahili laini ambacho sisi huku hatuna:

"Tutue, mnyapara?"

Mnyapara! Msichana mzima, nimesuka, naitwa mnyapara, msimamizi wa wapagazi. Nikamjibu kama tunavyowajibu wageni wote wanaouliza ni mbali kiasi gani. Na wewe ungejibu hivyo hivyo. Nikaonyesha kwa mdomo kule juu, nikasema, "Bado kidogo mzee, hapo tu."

Tulipofika kileleni hakuwepo.

Akaja tena. Na tena. Kila nikiongoza kundi, nikigeuka, yupo nyuma ya mtu wa mwisho. Siku za mwanzo nilifurahi, halafu nikaanza kuchoka naye, Mungu anisamehe. Nipo katikati ya maelezo, wageni wametulia, nimefika pale pazuri, nyuma inatoka sauti: "Tutue, mnyapara?" Nikisema tunapumzika hapa tuangalie bonde: "Tutue, mnyapara?" Na mimi: "Bado kidogo, mzee." Nikajikuta nasema bado kidogo hata nyumbani. Shangazi ananiuliza maji yamechemka, nasema bado kidogo, wakati yanamwagika jikoni.

Na kinachokera zaidi, wageni walimpenda! Wanashuka wanamwambia Madam, "Hongereni sana, hasa yule mpagazi wa nyuma, anaigiza vizuri mno, hatabasamu kabisa." Siongei Kiingereza kizuri, ningesema lugha imenipiga chenga, lakini hata wa Babati walisema hivyo hivyo, kwa Kiswahili.

Madam akaniita.

"Nani amekupa ruhusa ya kuleta mwigizaji?"

"Sijamleta mimi, Madam."

"Kwa hiyo amejileta?"

"Ndiyo, Madam."

"Usinijibu hovyo hovyo kama umesimama sokoni. Ni mchumba wako?"

"Madam! Yule ni mzee!"

"Wazee ndio wabaya zaidi. Nisimwone tena."

Jamani. Hebu niambie, ningemfukuzaje mtu ambaye nikifika juu hayupo?

Nikajaribu kuongea naye. Jioni moja, jua bado halijazama ila ukungu umeshashuka, kundi lilikuwa limetangulia kwenye chakula, nikarudi njiani peke yangu kuokota ngata zilizoanguka. Nikamkuta amesimama katikati ya njia. Amesimama tu, furushi kichwani, kama mlango ulioachwa bila nyumba. Niliogopa? Niliogopa. Lakini ukiona shingo ya mtu imekaza vile, mishipa imesimama, woga unapungua, unabaki na huruma.

"Mzee, si uweke tu hapo njiani, upumzike?"

"Hapa si kambini."

"Umetoka wapi?"

"Pwani."

Sasa mimi bahari sijawahi kuiona. Kila siku nawasimulia watu habari za msafara uliotoka pwani, na pwani yenyewe naijua kwenye kalenda ya duka. Ndoto yangu moja ni hiyo, siku nisimame mbele ya maji nisione ng'ambo. Nikasahau naongea na nani. Nikauliza kama mtoto, "Bahari ikoje?"

Alifikiri. Maji ya furushi yakamtiririka shavuni.

"Haina mlima," akasema.

Halafu ukungu ukapita katikati yetu, na ulipotoka njia ilikuwa tupu.

Nililala nikilifikiria neno lile. Haina mlima. Wewe na mimi tungeulizwa tungesema ni kubwa, ni bluu.

Sasa ikaja siku yenyewe. Kampuni moja ya utalii ya Arusha ilitaka kutujaribu. Wakituridhia, watatuletea wageni kila wiki, na Madam ataniajiri kabisa, siyo hivi vya kuitwa kundi likija. Wasipoturidhia, kilima kinafungwa, narudi kwenye vitunguu saumu mpaka nizeeke nanuka hivyo. Shangazi alinipigia sketi pasi kwa mkono wake. Kampuni ilimtuma kaka mmoja anaitwa Hamfrey, shati jeupe, saa kubwa, kila akisimama anaangalia saa. Alikuja na kundi la watu wazima, Watanzania na wageni wa nje, na mama mmoja mnene mcheshi ambaye kila mtu alimwita Mama Neema.

Madam alinivuta pembeni. "Leo sitaki kumwona mtu wako. Nikimwona, wewe na mimi basi. Juu, picha, makande, kwaheri. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Madam."

Nikapanda jiwe. Ukungu ulikuwa mzito kama maziwa mgando. Nikaita, "Msafaraaa! Jitwikeni!" Na kabla mwangwi haujaisha, nikasikia mwisho wa mstari: *chwa, chwa*.

Nilisimulia vizuri siku ile, nakuapia. Sikugeuka hata mara moja. Nilisikia "Tutue, mnyapara?" nikaongeza sauti. Nikasikia tena, nikawaimbisha wimbo. Kaka Hamfrey alikuwa anatingisha kichwa kwa kuridhika, na Madam anapanda pembeni yake anahema, anajifanya hasikii njuga.

Tukafika juu. Watu wakaanza kutupa masanduku, simu zikatoka. Mama Neema alibaki amesimama na sanduku lake. Tulimpa lile zito, tuliloweka mablanketi ndani, kwa sababu alilitaka mwenyewe.

"Binti, njoo unitue," akasema. "Nikilitupa nitavunja shingo, na mume wangu ataoa kesho."

Watu wakacheka. Nikaenda, nikalipokea, nikaliweka chini taratibu. Nikamwambia, "Tua mama, pole na safari." Ni maneno ya kawaida tu. Ndivyo bibi yangu wa Gehandu alivyokuwa akiambiwa akitoka na kuni, na yeye bibi hakuwahi kuitikia salamu ya mtu akiwa na mzigo kichwani. Alikuwa anatua kwanza, anajinyoosha, ndipo anaitika.

Nikiwa bado nimeinama, sanduku liko mikononi, lile jambo likanijia. Bibi hakuitika mpaka atue.

Nikageuka.

Safari hii hakupotea. Alikuwa kileleni, hatua chache nyuma ya Mama Neema. Alikuwa anaangalia sanduku lililokaa chini. Umewahi kumwona mtu mwenye njaa anaangalia sahani ikipelekwa meza ya jirani? Ndivyo.

"Na mimi, mnyapara?"

Nikafungua mdomo niseme bado kidogo. Halikutoka. Nikaona ghafla ni mara ngapi nimemwita kwa sauti kubwa kutoka kwenye jiwe langu, jitwike, jitwike, nikampandisha kilima, halafu nikaenda kula makande. Na waliomwita kabla yangu nao walimwambia nini? Bado kidogo. Hapo tu. Kutoka pwani mpaka Daudi kwa miguu, bado kidogo!

Na kileleni si kambini. Aliniambia mwenyewe.

"Dada, chakula," kaka Hamfrey akasema, anaangalia saa.

Madam alikuwa ameshamwona. Alinitolea macho yale ya ubaoni.

"Samahanini," nikasema. "Kuna sehemu ya igizo imebaki. Huko chini."

"Haipo!" Madam akasema.

"Ipo, Madam. Tuliikata."

Nikaanza kutelemka. Nyuma yangu nikasikia Madam akiwaambia wageni wasinifuate, kuna utelezi. Halafu sikusikia tena watu. Nilisikia njuga. Mwanzoni za mguu mmoja. Kadiri nilivyotelemka zikawa za miguu miwili, ya mitatu, halafu nikashindwa kutenganisha. Njia nzima nyuma yangu ilikuwa inalia *chwa chwa chwa chwa*, na pumzi za watu, na harufu ya jasho na turubai bichi. Niligeuka? Hapana. Ningegeuka ningekimbia, na nikikimbia mimi mnyapara, nani atabaki?

Nilifika kwenye mawe bapa. Nikapanda moja. Mbele yangu ukungu tu, mweupe, umetulia, na mlio umesimama. Walikuwa wananisubiri, nilihisi kama unavyohisi darasa zima limekutazama. Nikavuta pumzi, nikaita kwa nguvu zangu zote:

"Tueni mizigo! Tumefikaaa!"

*Pu*. Karibu yangu, kitu kizito kikatua. *Pu*. Kingine mbali zaidi. *Pu, pu, pu, pu*, uwanja mzima, mbele mpaka chini kule ambako ukungu unaingia bondeni, mizigo ikitua mmoja baada ya mwingine, na baada ya kila mmoja, mtu anatoa pumzi. Kumbe mimi nilikuwa namwona wa mwisho tu.

Nililia. Sioni aibu kusema.

Yeye ndiye aliyebaki. Alisogea mpaka kwenye jiwe langu. Shingo haikunjiki, mikono imekaza. Akasema polepole, "Nitue."

Nikanyoosha mikono. Lile furushi lilipokuja lilinipita kifua likanikalia utosini, na ubaridi wake ukashuka mpaka kwenye nyayo. Uzito ule sijui nikuambie nini. Nimebeba magunia ya vitunguu, nimebeba mdogo wangu mgonjwa mpaka zahanati, haufanani. Nikalishusha, tukalishusha pamoja, likalala juu ya jiwe.

Akajinyoosha. Mgongo ukalia kama kuni kavu. Nikasema, "Shikamoo, mzee."

Akanitazama, safari hii kwa kugeuza shingo.

"Marahaba, mwanangu."

Upepo wa bondeni ukapanda ukafagia uwanja wote. Yalibaki mawe, na juu ya jiwe langu alama ndefu ya maji iliyokuwa inakauka.

Niliporudi wageni walikuwa wameshakula na kuondoka. Madam alinipa sufuria nioshe. Nikajua basi, vitunguu saumu.

Wiki haijaisha akanijia mbio shambani, anacheka, simu mkononi. "Wametukubali! Soma!" Nikasoma. Kaka Hamfrey aliandika kwamba kundi limefurahi sana, na kampuni iko tayari kuleta wageni kila wiki, kwa sharti moja: yule mpagazi wa nyuma awepo kila safari.

"Mlete," Madam akasema.

"Hayupo tena, Madam. Amefika."

"Amefika wapi?"

"Kambini. Sasa hivi labda yuko pwani."

Aliangalia kushoto na kulia. Halafu, na hapa ndipo nilipoishiwa nguvu kabisa, akashusha sauti akasema, "Si huwa anakuja ukiita tu? Panda jiwe umwite. Halafu hiyo ya kutua usiiseme."

Kwa hiyo alikuwa anajua! Muda wote ananisema kuhusu mchumba, kumbe anajua!

Nilikataa. Kampuni haikuja. Shangazi hakunisemesha siku mbili, halafu akanipa jembe. Sasa nalima asubuhi, na shule zikija kilimani wananiita, kwa sababu walimu wananipenda. Nawapandisha, nawatelemsha mpaka maweni, namtua kila mtoto kwa mkono wangu na kumpa pole. Nyuma ya mstari hakuna mtu. Nimeangalia mara nyingi, nakiri wakati mwingine nikitamani awepo, nimuulize bahari kidogo.

Utosini hapa, pale furushi lilipokaa, nywele hazioti tena. Ni duara, kama la ngata. Msusi wangu kila nikikaa anaguna, "Dada, hii umebeba nini?" Na ukiligusa ni la baridi hata mchana wa jua.

Ningeishia hapo, lakini kuna jambo linalonisumbua. Wiki hii Madam amemleta kijana mwingine kutoka mjini, ana sauti kubwa, ana kipaza sauti cha betri. Nikiwa shambani namsikia akiita, "Jitwikeniii!" Nasubiri ile nyingine, ya kutua. Haiji. Anawapeleka kileleni, wanapiga picha, wanaondoka. Na jana, ukungu ukiwa bado haujapanda, nilisikia kitu kikilia *chwa, chwa* mbali kule njiani, kwenye mwisho wa mstari.

Basi wewe ukija huku kwetu kutembea, ukapewa sanduku, ukaambiwa jitwike, usicheke tu. Usilitupe ovyo kileleni ukakimbilia simu. Simama hapo hapo na mzigo wako, umwambie yule kijana akupeleke mpaka maweni, aseme lile neno la kutua kwa sauti. Asipotaka, liseme wewe, na uliseme kwa nguvu lifike nyuma. Na kama nyuma yako mtu atakuuliza mtatua lini, nakuomba, chochote utakachomjibu, usimwambie bado kidogo.